SOMO LA WIKI: Bajeti ya jikoni ianze na kilo

Nchini Tanzania bei ya mahindi kwa kawaida hushuka baada ya mavuno ya Nyanda za Juu Kusini, katikati ya mwaka, na kupanda kuelekea Januari hadi Machi. Familia iliyopanga matumizi yake kwa bei ya Julai hukutana na pengo Februari. Kwa mfanyabiashara mdogo, pengo hilo huzibwa na mtaji wa duka.

Dawa ni kuhesabu kilo kwanza, shilingi baadaye. Kwa mfano, familia inayokula kilo moja na nusu ya unga kwa siku huhitaji kilo 45 kwa siku 30. Bei ikipanda sh. 400 kwa kilo, mwezi huo utadai sh. 18,000 zaidi.

Hivyo bajeti ipangwe kwa bei ya msimu wa uhaba. Miezi ya unafuu, tofauti iwekwe akiba, au linunuliwe gunia mapema, mahindi yakaushwe na kuhifadhiwa yasiingiwe na dumuzi. Kinachotoka dukani kwenda jikoni kilipiwe na kuandikwa daftarini kama cha mteja mwingine. Duka laweza kujaa wateja na bado likaliwa na jiko la mwenyewe.