Difu Inavuja? Vidokezo vya Kubadili Kifuniko kwa Wenye Magari Kibiti

Gari la Kibiti lina maisha yake. Leo liko kwenye lami ya Barabara ya Kilwa, kesho kwenye matope ya masika, keshokutwa limeegeshwa gatini Nyamisati likisubiri abiria wa boti ya Mafia, huku hewa ya chumvi ikilitafuna taratibu. Bati jembamba la nyuma ya difu huwa halikumbukwi mpaka litoboke na oili ianze kudondoka uani.

1. Kwanza chungulia uvunguni ujue kama gari lako lina kifuniko cha kufungua. Usicheke. Kwenye Hilux nyingi, na Land Cruiser nyingi zenye ekseli nzima nyuma, lile tumbo la difu limechomelewa moja kwa moja kwenye hausingi, na difu yenyewe hutolewa kwa mbele, upande wa propela shafti. Hapo hakuna bolti za nyuma za kufungua. Likitoboka ni kumwaga oili, kutoa difu, kusafisha na kuchomelea bati, au kutafuta hausingi nyingine. Land Rover 110 za zamani zenye ekseli ya Salisbury ni kati ya zenye kifuniko cha bolti. Vidokezo vinavyofuata ni vya magari ya namna hiyo.

2. Mchanga wetu haufai kwa jeki. Weka ubao mpana chini yake, zuia tairi za mbele kwa magogo, kisha ekseli ikae kwenye stendi za chuma. Anayeingia uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake anacheza na roho yake.

3. Legeza plagi ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili yote halafu plagi ya kujazia ikagoma kwa kutu, gari limelala hapo hapo.

4. Beseni likishakaa, mwaga oili kwa plagi ya kumwagia, kisha fungua bolti zote za kifuniko isipokuwa mbili za juu. Hizo zilegeze tu. Bandua kifuniko kuanzia chini, oili iliyobaki imwagike kwa adabu. Usitumbukize tindo kwa nguvu, utachubua uso wa hausingi na mvujo utabaki palepale.

5. Sasa isome oili, maana hapa ndipo penye habari. Nyeusi ni uzee. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na baada ya mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 hilo si jambo la kushangaza. Difu ikishapata moto barabarani kisha ikazama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kipumulio. Ungaunga laini wa chuma kwenye plagi yenye sumaku ni kawaida. Vipande vya jino la gia si kawaida: usifunge, mwite fundi.

6. Kwangua gundi ya zamani yote, piga brashi ya waya, futa kwa kitambaa kikavu. Petroli inaondoa grisi vizuri, ila sigara ikae mbali.

7. Silikoni iwe uzi mmoja usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Mafundi wengine huipaka kama siagi kwenye mkate. Inayozidi humeguka na kuogelea kwenye gia. Kaza bolti kwa kukingamiza, kidogo kidogo, kisha iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Hili la kusubiri ndilo linalowashinda wengi.

8. Jaza oili ya GL-5, 80W-90 au 85W-90 kadiri kitabu cha gari kinavyotaka, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limekaa sawa. Difu yenye LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, ina oili yake.

9. Kabla hujatoka uvunguni, kagua kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, joto husukuma oili ipenye kwenye sili na utamlaumu bure aliyefunga kifuniko. Kwa wanaovuka maji kila masika, mpira mwembamba unaopandisha kipumulio hadi juu ya chesi ni gharama ndogo kuliko difu.

10. Oili chafu usiimwage mtaroni. Mvua zikija itafika kwenye mikoko, na kamba wachanga hukulia humo. Itie kwenye dumu. Mwenye boriti zinazoliwa na mchwa atakuja kuiomba mwenyewe.