Niliyojifunza kwa Kufundisha Mkataba wa Jamii

Wewe unayesomea sheria, au unayejiandaa kugombea udiwani na baadaye ubunge, utakutana na wanafalsafa Hobbes, Locke, Montesquieu na Rousseau. Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tano na sita kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Vitabu vya kujiandaa na mtihani huwapanga mstari mmoja: jina, mwaka, wazo. Kijana hukariri, hujibu, husahau. Haya yafuatayo yamenikaa kichwani, na karibu yote niliyapata kwa wanafunzi na majirani.

1. Jua kwanza mwandishi alikuwa anaogopa nini

Siku moja darasa zima lilimshambulia Hobbes. Wakasema ni mtetezi wa madikteta, anataka watu wakabidhi haki zao zote kwa mtawala mmoja. Kijana mmoja akasimama. Alivuka mpaka akiwa mtoto, familia yake ikikimbia vita Burundi. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wanaosema hivyo hawajawahi kulala porini wakisikiliza nani anapita barabarani. Hakuna aliyemjibu, nami sikuwa na la kuongeza.

Hobbes naye alikimbia, akaenda Paris mwaka 1640. Miaka miwili baadaye Waingereza wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na Januari 1649 Mfalme Charles I akakatwa kichwa hadharani. Kitabu chake, Leviathan, kilitoka mwaka 1651, nchi ikiwa bado ina majeraha.

Tangu siku ile darasani niliacha kuanza na hoja zake, nikawa naanza na picha iliyo mwanzoni mwa kitabu, iliyochongwa na Abraham Bosse. Jitu lenye taji limeinuka nyuma ya vilima, mkono mmoja limeshika upanga, mwingine fimbo ya kiaskofu. Ukiinama karibu, unaona kiwiliwili na mikono yake vimejaa watu, zaidi ya 300, wametupa mgongo na kuinua nyuso kumtazama. Chini yake mji uko karibu mtupu. Wamebaki askari wachache na, karibu na kanisa, watu wawili wanaoonekana kuvaa barakoa zenye mdomo wa ndege kama waganga wa tauni. Wengine wote wamehamia mwilini mwa mtawala. Wanafunzi walikuwa wakiitazama picha hiyo dakika nyingi kabla ya mtu kusema neno.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hata huyu Hobbes aliacha mlango wazi. Aliandika kwamba mtu hawezi kuitoa haki ya kujitetea anapotishiwa kuuawa, na kwamba utii unadumu pale tu mtawala anapoweza kuwalinda watu wake. Ukimsoma bila vita yake utaziruka kurasa hizo, kama vitabu vya mtihani vinavyoziruka.

2. Usihesabu kimya kuwa ndiyo

Tulikuwa kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, mvua inapiga bati. Mwenyekiti alisoma pendekezo la kupandisha riba ya mikopo, akauliza kama yupo anayepinga. Akina mama waliokaa nyuma walikuwa bado wanaulizana amesema nini. Wiki iliyofuata nikasoma muhtasari ubaoni: wanachama waliridhia kwa kauli moja.

Locke alilijua tatizo hili. Hakuna aliyezaliwa akakuta mkataba wa kutawaliwa mezani akausaini. Jibu lake lilikuwa kwamba anayemiliki ardhi, anayepanga malazi kwa wiki moja, hata anayepita tu barabarani kwa uhuru, amekubali kimyakimya kuzitii sheria za mahali hapo. Mwaka 1748 mwanafalsafa Hume akalijia juu jibu hilo. Mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha ya kigeni, anayeishi kwa ujira wa siku hadi siku, aondoke aende wapi? Alisema hiyo ni kama kudai kuwa mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameukubali utawala wa nahodha, ilhali njia pekee ya kuukataa ni kujitosa baharini.

Na Hume hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo! Aliamini kwamba serikali nyingi zilianza kwa kuteka au kunyakua, na kwamba tunatii kwa sababu jamii haiwezi kusimama bila utii. Ndiyo maana pingamizi lake lina uzito: halikutoka kwa mtu aliyetaka kubomoa.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya 2010 zote zinasema mamlaka ni ya wananchi. Utakapokalia kiti cha mwenyekiti, popote pale, jiulize kama asiyekubali angeweza kusema, angesikika, na angerudi nyumbani salama. Rudia swali la pendekezo, na subiri mvua ipungue.

3. Pima wazo kwa hatari aliyobeba mwenye nalo

Locke alichapisha kazi yake juu ya serikali mwaka 1689 bila jina, na aliikiri waziwazi katika wasia wake tu, mwaka aliokufa, 1704. Montesquieu, aliyekuwa jaji wa Bordeaux, naye hakuweka jina alipochapisha kitabu chake cha kutenganisha mihimili ya dola, Geneva, 1748. Rousseau aliweka lake. Mwaka 1762 Geneva, mji aliojivunia kuwa raia wake, ukakichoma kitabu chake cha mkataba wa jamii.

4. Mtafute asiyekuwamo

Locke anafungua kitabu chake kwa kuulaani utumwa. Mtu huyohuyo alikuwa na hisa katika Royal African Company iliyosafirisha watumwa, na alishiriki kuandaa katiba ya Carolina ya mwaka 1669 iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Nilipoyajua haya nilikasirika, nikataka kumwondoa darasani. Kilichonizuia ni Haiti. Watumwa walioasi mwaka 1791 waliishika hoja ya uhuru wa kuzaliwa wakaigeuzia mabwana zao, hadi wakapata taifa lao tarehe 1 Januari 1804.

Halafu binti mmoja wa kidato cha sita akaniuliza: "Mwalimu, katika mkataba wa Rousseau mwanamke alikaa wapi?" Nilimpa maandishi ya Olympe de Gouges. Mwaka 1791 aliandika tamko la haki za mwanamke, akasema mwenye haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa ana haki pia ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 alikatwa kichwa. Ukimaliza Rousseau, nenda kwake moja kwa moja, na usiishie kwenye ibara zake 17. Endelea hadi mwisho, alikoweka mfano wa mkataba kati ya mwanamume na mwanamke, wenye vipengele vya mali watakayochuma pamoja na haki za watoto wao, hata waliozaliwa nje ya ndoa.