SOMO: PROGRAMU YA BIRO IMEBADILIKA, TUNZA KADI YA MTOTO

Mama, pengine ulifika kliniki asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, ukaona mstari hausogei. Ndani ya biro karani anaangalia kioo cha kompyuta. Anatafuta, anarudi nyuma, anaita mwenzake. Mama mmoja anasema, "Wao wanacheza na mashini, sisi jua linatuchoma!"

Usikasirike upesi. Programu anayotumia imebadilishwa. Leo tujifunze maana yake, na kazi yako wewe mama katika jambo hilo.

1. Programu ni nini?

Kompyuta, ao ordinatere, ni chombo tu. Programu ni maagizo yaliyo ndani yake, yanayoiwezesha kuandika barua, kuhesabu na kupanga majina. Wenye kuitengeneza wanatoa toleo jipya kila baada ya miaka fulani.

Fikiri hivi. Umetoka shamba, unakuta mkamwana amepanga jiko lako upya. Sufuria ni zile zile, chumvi ni ile ile, lakini haviko mahali pake. Siku ya kwanza ugali unachelewa. Juma la pili mkono umekwisha kujua njia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Microsoft Office, inayotumiwa katika biro nyingi. Toleo la 2003 lilikuwa na maneno juu ya kioo. Ukibonyeza neno moja, orodha inashuka. Toleo la 2007 liliondoa orodha hizo katika Word na Excel, likaweka mkanda mpana wenye picha ndogo ndogo. Watu waliozoea kazi miaka mingi walitafuta mahali pa kuchapa karatasi kama wanafunzi wapya. Lakini si yote yaliyogeuka. Ctrl pamoja na S iliendelea kuhifadhi kazi, na Ctrl pamoja na P iliendelea kuchapa. Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi wangu wa uuguzi: kwanza shikeni vile visivyobadilika, kisha mjifunze vipya, kimoja kimoja.

2. Hatari iko wapi?

Kuchelewa kunachosha, lakini si hatari kubwa. Hatari kubwa ni jina la mtu kupotea bila mtu kujua.

Jambo hilo lilitokea hata Uingereza, katika mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Majibu ya vipimo yaliingizwa katika karatasi za Excel za namna ya zamani. Karatasi ya zamani ina mistari 65,536 tu. Ile mpya, iliyokuja na toleo la 2007, ina mistari 1,048,576. Karatasi ya zamani ilipojaa, majina yaliyobaki hayakuingia. Hivyo wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba. Wao wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokaa karibu nao hawakutafutwa kwa wakati.

Unaona? Toleo jipya lilikuwako zaidi ya miaka kumi, lakini kazi ilikuwa ingali inafanywa kwa namna ya zamani. Na hakuna aliyehesabu kama majina yaliyoingia ni sawa na yaliyotumwa.

3. Tarehe ya kuzaliwa

Sisi katika Kongo tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani wanaandika mwezi kwanza. Programu mpya ikiwekwa bila kupangwa vizuri, inaweza kufuata desturi ya Marekani.

Siku moja mama alileta mtoto wake kwetu. Kadi ilisema 05/03, ndiyo tarehe 5 Machi. Kompyuta ilisoma tarehe 3 Mei. Chanjo ya surua inatolewa mtoto akitimiza miezi 9. Kwa kadi, siku yake ilikuwa 5 Desemba. Kwa kompyuta, ingekuwa 3 Februari. Karani alitaka kumrudisha nyumbani. Yule mama alifungua kitenge, akatoa kadi, akasema, "Mwanangu alizaliwa wakati wa mvua ya Machi. Angalia tena." Karani akaangalia, na mtoto akachanjwa siku ile ile.

Miezi miwili si kitu kidogo. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 mpaka Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo.

4. Kazi yako wewe mama

– Tunza kadi. Iweke katika mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya. Usiitupe kwa kusema, "Mashini imekwisha kuandika."
– Taja jina la mtoto namna moja kila mara, kama lilivyo kwenye kadi.
– Taja mwezi kwa jina lake: "tarehe tano, mwezi wa Machi." Hapo hakuna kukosea.
– Omba karani akusomee alichoandika. Si utovu wa heshima. Ni kumsaidia.
– Jua siku zako wewe mwenyewe: juma la 6, la 10, la 14, na miezi 9.

Na wewe uliye na kazi ya biro, ao binti yako anayejifunza kazi hiyo: programu ikigeuzwa, usitupe daftari la zamani siku ile ile. Andika pande zote mbili kwa muda. Kila jioni hesabu: daftari lina watoto wangapi, kompyuta ina wangapi? Hesabu zisipolingana, usiende nyumbani kabla ya kutafuta aliyepotea. Usione haya kuuliza kijana anayejua zaidi. Mimi niliuliza mwanafunzi wangu, na nilijifunza.

Mashini itabadilika tena. Siku ya kuzaliwa ya mtoto wako haibadiliki.

MAULIZO
1. Sababu gani mstari unakwenda polepole programu ikigeuzwa?
2. Majina ya Uingereza yalikosa kuingia namna gani?
3. Kadi ya mtoto wako iko wapi sasa hivi?