Mtoto Amekikimbia Kitabu

Shangazi, naishi Tanga na mwanangu wa kiume wa miaka sita. Baba yake alihama nyumbani mwaka jana, tumebaki wawili. Dada yangu aliye Marekani alitutumia kitabu cha picha, Where the Wild Things Are, nikawa namsimulia kwa Kiswahili kila usiku mpaka akakijua chote kwa moyo. Juzi nikapata filamu yake, nikadhani nimempa zawadi. Hatukufika hata nusu, akaanza kulia, akataka nizime. Tangu siku hiyo kitabu amekisukumia chini ya kitanda na usiku anahamia kwangu. Ameniuliza kama na mimi nitaleta anko. Mama yangu anasema nimemlisha mtoto mashetani, kitabu kichomwe. Nifanyeje?
Mama wa Chumbageni

Mwanangu, kitabu usikichome. Mama yako mwambie kwa upole kwamba mazimwi yale ya kitabuni yametokana na watu. Mtunzi na mchoraji wake, Maurice Sendak, alizaliwa Brooklyn mwaka 1928, wazazi wake ni Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Alisimulia kwamba kwanza alitaka kuchora farasi wa porini, farasi wakamshinda, ndipo akawakumbuka ndugu waliokuwa wakija kwao Jumapili, wakamfinya mashavu na kumwambia alivyo mtamu watamla. Wajomba na mashangazi, yaani. Nasi tumo.

Wala mama yako si wa kwanza kukishtaki. Kitabu kilitoka mwaka 1963, na miaka sita baadaye Bruno Bettelheim, mtaalamu wa malezi aliyesikilizwa sana Marekani enzi hizo, alikishutumu katika gazeti la kina mama bila hata kukisoma. Kilichomuudhi zaidi ni mama anayempeleka mwanawe kulala bila kula. Alisema hofu kubwa ya mtoto ni kuachwa. Kitabu alikionea, lakini neno lake hilo la kuachwa lishike, maana ndilo lililo nyumbani kwako.

Hebu linganisha kitabu na filamu. Kitabuni mama wa Max, yule mtoto wa hadithi, haonekani hata mara moja. Tunaambiwa alichosema, basi. Kila mtoto anaweka hapo mama yake mwenyewe. Max naye hatoki chumbani. Msitu ndio unaoota humo humo, miti ikichukua nafasi ya kuta. Hadithi nzima haifiki maneno 400. Filamu ya Spike Jonze ya mwaka 2009, aliyoiandika pamoja na Dave Eggers, ina saa moja na dakika 41, na muda huo wote ulihitaji kujazwa. Wakaujaza nyumba iliyovunjika. Mama ana sura, ana kazi inayomchosha, na jioni moja amekuja mwanaume wa kumtembelea. Baba hayupo. Max anapandwa na hasira, anamng'ata mama yake, anatoka mbio gizani. Huko kisiwani anakofikia nako mazimwi yamepewa majina na ugomvi wa watu wazima: Carol hawezi kuvumilia kwamba KW amepata marafiki wengine, na hasira zikimzidi anamng'oa Douglas mkono.

Mwanao hakutishwa na meno wala kucha. Hizo amezizoea, umemwonyesha kila usiku. Ameona sebule inayofanana na yenu, akaona na mtu wa kuja kukaa kwenye nafasi iliyo wazi. Ndiyo maana hakukuuliza habari za mazimwi. Amekuuliza habari za anko.

Kuna na jambo la mikono. Kitabu mtoto anakishika. Akiogopa anafunga, akitaka kurudi anarudi. Sendak alilijua hilo vizuri. Picha zake zinaanza ndogo katikati ya ukurasa, zinapanuka kadiri Max anavyozama katika hasira zake, mpaka zinafika kurasa sita mfululizo za kuruka na kubebana bila neno hata moja. Kisha maneno yanarudi, na ukurasa wa mwisho kabisa hauna picha. Mtoto anapandishwa na anateremshwa. Filamu haimngoji mtu.

Sisemi ni filamu mbovu. Mimi naipenda, hasa yale mavazi makubwa yaliyotengenezwa na karakana ya Jim Henson, watu wakaingia ndani, nyuso zikapewa uhai kwa kompyuta. Sendak mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na wazazi waliolalamika kwamba inatisha aliwajibu kwa ukali ambao gazeti hili halitauchapa. Lakini Jonze naye alishasema kwamba nia yake ilikuwa kutengeneza filamu kuhusu utoto, si filamu ya watoto. Kwa mtoto wa miaka sita, tena mwaka mmoja tu baada ya baba kuhama, ni mapema mno.

Basi anza na swali lake. Mjibu mchana, mkiwa na shughuli, mkichambua mchele au mkianua nguo, si usiku kitandani. Kama hakuna mtu, sema hakuna. Kama yupo, usimfiche, maana watoto wa mtaani watakutangulia. La muhimu asikie kwamba awepo mtu asiwepo, wewe huhami. Habari za baba yake pia mpe: yuko wapi na wataonana lini. Kama hiyo siku huijui, mwulize baba mtu kwanza, usimtungie mtoto.

Kulala kwako mwachie kwa sasa. Kitabu kitoe huko chini, kiweke anapokifikia, usimwambie neno. Akikileta mwenyewe, mwache ageuze kurasa yeye, na mkifika zile sita zisizo na maneno simameni mngurume, majirani watasamehe. Bibi yake mkaribishe naye angurume.

Halafu filamu mliizima katikati, kwa hiyo kwake Max bado yuko kisiwani. Msimulie kwa mdomo inavyoisha: anarudi nyumbani, mama anamkumbatia, anampa supu na keki, anakaa kumtazama akila mpaka usingizi unamchukua mama. Anko hayupo mezani. Akitaka kuyaona hayo kwa macho yake, mwambie asubiri afike darasa la tano.