Jicho la bandia linamdondoka mwanangu

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka saba. Alitolewa jicho la kushoto akiwa na miaka miwili kwa sababu ya saratani. Jicho la bandia halikai tena, linamdondoka hata akiwa darasani. Nimeambiwa apandikizwe mafuta ya makalioni. Naogopa. Je, jambo hilo lipo kweli? – Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Lipo, na limefanyika tangu miaka ya 1970.

Mfupa unaozunguka jicho la mtoto hukua kwa kusukumwa na kilichomo ndani yake. Jicho likitolewa pasipo kujazwa kitu, shimo hudumaa na utando wake husinyaa. Usijilaumu, hukukosea kumtunza.

Mara nyingi daktari hujaza shimo kwa tufe, akalifunika kwa utando na misuli. Yapo matufe ya silikoni na akriliki, na yapo yenye vitundu, mengine ya matumbawe ya baharini, ambamo mishipa ya damu huota. Jicho la bandia tunaloliona ni kigamba tu kinachokaa mbele ya tufe hilo. Lakini tufe halikui, mtoto anakua.

Ndiyo maana umeambiwa habari ya mafuta. Mtoto akiwa kwenye nusu kaputi, daktari hukata kipande kwenye kalio, huondoa ngozi ya juu, hubakiza ngozi ya ndani pamoja na mafuta yake, kisha hukishonea shimoni. Kikishika damu, kwa watoto mara nyingi huendelea kukua, na shimo nalo hupanuka. Kovu litafichwa na nguo. Hatari kubwa ni kipande kukosa damu, hasa kama shimo liliwahi kupigwa mionzi. Kama aliwahi kupigwa, mweleze daktari mapema.

Kama utando nao umepungua, huongezewa kwa utando wa ndani ya mdomo. Atakula uji siku kadhaa, na kidonda kitapona.

Akitoka hapo atavaa kigamba cha muda cha plastiki, na baada ya wiki sita hivi atapimiwa jicho jipya. Nakusihi, shimo lisikae wazi, maana husinyaa tena.

Hataona kwa jicho hilo la bandia. Kwa hiyo usiache kliniki ya jicho la kulia, na mnunulie miwani ya plastiki ngumu isiyovunjika kwa urahisi, hata kama anaona vizuri. Jicho hilo ndilo pekee alilo nalo.