Mshono wa Mama Utazamwe

Tukimtembelea mama aliyejifungua kwa upasuaji twabeba unga na sukari, twampakata mtoto, basi. Mshono hauulizwi. Lakini usaha mara nyingi huanza akiwa amesharudi nyumbani.

Tumuulize: mwili una joto? Mshono umevimba, unatoa maji, unanuka? Damu inalowesha pedi nzima kwa saa moja? Mguu mmoja umevimba na kuuma, au anahema kwa shida? Hata moja tu, aende hospitali leo, hata usiku: Homa Bay, Migori, Ombo, popote palipo karibu. Asipakwe majivu wala dawa ya miti. Vidonge vya dukani vyatuliza joto tu; usaha wabaki ndani.

Kwa mama wa Mfangano mashua ni pesa. Kikundi kimwekee nauli kabla hajajifungua.