Uzi Unaopapaswa: Tatizo la Kuieleza DNA kwa Kiswahili

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuieleza hadubini ya kani ya atomi, chombo kinachotumiwa kuchunguzia DNA na kromosomu. Suala hili si la maabara pekee. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, DNA hutajwa sebuleni watu wanapozozana kuhusu malezi ya mtoto au urithi. Mwanafunzi wa mitaa hiyo hufundishwa Biolojia kwa Kiingereza, kisha nyumbani hutakiwa kumfafanulia mamake kwa Kiswahili au Sheng. Kauli inayomjia upesi ni "chembechembe za DNA". Kauli hii inapotosha: msikilizaji hupata picha ya punje za mchanga, ilhali DNA ni uzi.

Hadubini hiyo ilibuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Jina lenyewe lina walakini. Darubini ni neno la asili ya Kiajemi, na -bini yake ina maana ya kuona. Hadubini imefuata mkondo huohuo. Lakini chombo hiki hakioni, bali kinapapasa. Wazee wa Makongeni waliowahi kucheza santuri wataelewa mara moja. Ncha kali iliyo kwenye wenzo mwembamba hupitishwa juu ya sampuli mstari baada ya mstari. Mwale wa leza hupima jinsi wenzo unavyopinda, na kompyuta huchora ramani ya miinuko. Tofauti na sindano ya santuri, ncha hii haina mfuo wa kuufuata. Aidha, mara nyingi hugongagonga badala ya kuburura, mithili ya fimbo ya kipofu kando ya Jogoo Road, kwa sababu ikiburura huenda ikausukuma uzi au kuukata.

Kabla ya kupapaswa, DNA hutandazwa juu ya ulanga. Ulanga na DNA vyote vina chaji hasi, hivyo husukumana. Ayoni za magnesi ndizo huvishikanisha. Uzi huo una unene wa nanomita 2 hivi, ila katika picha hutokea mpana zaidi, maana ncha yenyewe ni nene kuliko uzi. Mtu aliyevaa glavu akipapasa uzi wa cherehani atadhani ni kamba.

Katika seli moja ya binadamu, takriban mita 2 za uzi huo huzungushiwa protini na kukunjwa ndani ya kromosomu 46. Kromosomu huonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Ncha huongeza habari za miinuko, mabonde na ugumu wa uso wake.

Mama wa Kayole aelezwe pia kwamba kipimo cha kumtambua mzazi hakitumii chombo hiki. Hicho hulinganisha urefu wa vipande vya DNA vinavyojirudia, na ncha haiwezi kusoma mfuatano wa herufi zake.

Je, jina libadilishwe? Neno kipapasio lipo, na wanafunzi wanalijua kama kiungo cha mdudu. Hata hivyo, hadubini imekwisha kuzoeleka madarasani, na kuiondoa kungezua mkanganyiko mpya. Ibaki, mradi kitenzi kinachoifuata kiwe kupapasa. Kinachostahili kuachwa ni "chembechembe". "Nyuzi za DNA" inatosha, tena haihitaji kamusi.